Mbwa anakimbiza kisahani cha kurusha (frisbee) vizuri ila hadaki, anangoja kianguke. Tatizo ni mbwa au mrushaji?

#1 Geti la Nyuma
Wakuu, habari za jioni. Wajuzi wa mbwa naomba msaada.

Mbwa dume, miaka miwili na miezi minne, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, kilo 24, chanjo zote anazo. Kisahani anakipenda kupita kiasi. Kikirushwa anakiwahi, anakwenda nacho sambamba, kikishuka usawa wa kichwa anapunguza mwendo, anakitazama hadi kiguse nyasi, ndipo anakiokota na kukileta. Katika mirusho 10 anadaka mmoja, siku nyingine hata huo hakuna. Uwanja ni wa nyasi huku Kawe, Dar, muda ni saa kumi jioni. Kisahani ni chekundu, plastiki ngumu, chini yake kimeandikwa gramu 175.

Jirani anasema damu ya koko haidaki, nitafute mbwa wa kizungu. Kuna ukweli? Na kama anafundishika, naanzia wapi bila kumuumiza? Maana hicho kimoja anachodaka anakirukia wima, anatua kwa miguu ya nyuma, mgongo umejikunja.

#2 Chai ya Rangi
Nimeweka kigoda. Waje wataalamu.

#3 Msasa 120
Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: gramu 175. Hicho ni kisahani cha watu wazima wanaocheza timu kwa timu. Vya mbwa vinakuwa gramu 105 hadi 110 hivi, kipenyo kama sm 23 na nusu, na plastiki yake inakubali kukunjika. Kishike kwa mikono miwili ukikunje kama chapati. Kikikugomea wewe, mdomoni mwa mbwa kitagoma zaidi.

Fikiria anavyokipokea. Wewe unadaka kwa kiganja, yeye anadaka kwa meno, ufizi na ulimi. Kitu cha gramu 175 chenye ukingo mgumu kinakuja huku kinazunguka. Akigongwa mara mbili tatu anahitimisha: hewani kinauma, chini hakiumi. Huyo si mjinga, ana akili kuliko jirani yako.

Na hata cha mbwa, kabla ya kucheza pitisha kidole gumba taratibu ukingoni, duara zima. Meno yanaacha vinundu vikali kama wembe. Panapokwaruza, piga msasa laini hadi kidole kiteleze, halafu osha unga wa plastiki. Kikitoboka au kupasuka, tupa. Damu kidogo kwenye kisahani mara nyingi inatoka kwenye ulimi au fizi, simamisha mchezo umfungue mdomo umwangalie.

#4 Fundi Ndoo
Visahani vya kununua vya nini? Kifuniko cha ndoo ya rangi ya lita 20 kinapaa vizuri tu, na kwa mafundi rangi unapewa bure.

#5 Msasa 120
#4, usimponze mwenzio. Kifuniko cha ndoo kina mfereji ule wa kubania, meno yanaingia pale na kukwama. Kikishinda juani siku kadhaa kinakauka na kuvunjika vipande vyenye ncha. Pia ni kipana mno: mbwa wa kilo 24 akikidaka katikati kinamziba macho wakati anatua. Na masalia ya rangi je?

#6 Fundi Ndoo
Mbwa wetu walikula mifupa ya samaki miaka yote, leo kifuniko ndiyo hatari 😂

#7 Bibi Mbweni
Ninyi wote mnaangalia kisahani. Mimi naangalia malipo. Mtoa mada, mbwa akikiokota chini na kukuletea unafanya nini? Bila shaka unamsifu na kukirusha tena. Basi umemfundisha kuokota, na amehitimu. Hana sababu ya kuhangaika kurukaruka wakati malipo ni yale yale.

Anza upya, kama vile hajawahi kukiona. Kwanza mkononi. Piga goti, shika kisahani usawa wa pua yake, umbali wa kama sm 30, kitembeze pembeni polepole kama kitu kinachotoroka. Sema neno moja tu, "daka". Akikiuma, achia sekunde hiyo hiyo, acha akimbie nacho kwa furaha, halafu badilishana naye kwa dagaa mmoja au kipande cha ini kilichochemshwa, saizi ya ukucha. Mara nane hadi kumi kwa siku, siku tatu nne.

Kisha achia kikiwa bado hakijafika mdomoni. Ukiwa umepiga goti, kirushe mita moja tu, kikipita mbele ya pua kutoka kushoto kwenda kulia. USIMRUSHIE USONI. Mtu akikurushia sahani usoni utafumba macho, na mbwa hivyo hivyo.

Akidaka nane kati ya kumi, ongeza hadi mita tatu. Nane tena kati ya kumi, mita tano. Akishuka chini ya sita, rudi nyuma hatua moja, usibishane naye. Na kuanzia hapo kanuni ni hii: kikianguka chini kimekufa. Unakwenda mwenyewe, unakiokota kimya, hakuna neno, hakuna dagaa. Akikidaka hewani hata kwa ncha ya jino, fanya sherehe.

Mkufunzi atakayekuambia uanze kwa kukiviringisha chini kama gurudumu hajakosea, ile inaamsha hamu ya kukimbiza. Lakini iwe siku chache tu, tena kwa mbwa asiye na hamu. Wako hamu anayo tayari. Ukiendelea kuviringisha unamkomaza macho yatazame chini.

#8 Kilo Nusu
Bibi Mbweni shikamoo. Vipi kumlishia chakula kwenye kisahani ili akizoee? Nimeona wengi wanashauri.

#9 Bibi Mbweni
Marahaba. Inamfaa mbwa anayekiogopa tu, na isizidi siku tatu. Akishamaliza kula ondoa. Kisahani kikilala uani kinageuka kitu cha kutafuna, atameza vipande vya plastiki na utumbo unaziba. Kikae juu ya kabati, kitoke wakati wa mchezo tu.

#10 Mzee wa Kusi
Naona kila mtu kamsahau mrushaji. Mbwa anayekwenda sambamba na kisahani halafu akasita mwishoni mara nyingi anasita kwa sababu kisahani nacho kinasita. Ukikirusha bila kukizungusha vya kutosha kinatikisika, kinapoteza mwendo, kinadondoka kama jani. Hawezi kujua kitashukia wapi, kwa hiyo anangoja.

Mkono wa kulia, dole gumba juu, vidole vinne vikishika ukingo kwa ndani. Simama ubavu, kunja kiwiko, kunjua mkono usawa wa kiuno, nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono mwishoni kabisa. Kisahani kiwe bapa. Kwa mrusho huo kinazunguka kama mshale wa saa ukikitazama kutoka juu, na kikiishiwa mwendo kitapinda kushoto. Hiyo ni kawaida, mbwa ataizoea mradi iwe ile ile kila mara. Jifunze bila mbwa kwanza, mirusho 50 ukilenga mti wa mwarobaini au goli. Mbwa si wa kufanyia mazoezi ya mkono.

Na rusha upepo ukiwa mgongoni, kifike mbali na kitulie.

#11 Ngalawa ya Msasani
Mzee wa Kusi, hapo mwisho umepotea njia. Upepo ukitoka nyuma unakinyima kisahani kunyanyuka, kinachomoka haraka halafu kinazama ghafla. Upepo wa mbele ndio unaokinyanyua na kukiweka kielee. Tatizo la upepo wa mbele ni jingine: kikielea sana mbwa anafika kabla yake, anasimama chini yake, anaruka wima kama anachuma embe. Ndiko kule kutua kwa miguu ya nyuma alikokusema mtoa mada.

Kwa hiyo upepo ukiwa mkali, usirushe. Ukiwa wa wastani, rusha chini chini, kisahani kisipite usawa wa kifua chako.

#12 Mzee wa Kusi
Nakubali kwenye kuzama. Ila upepo wa mbele kwa kisahani chepesi cha gramu 107 bado siupendekezi, kinageuka ubavu na kwenda mrama.

#13 Ngalawa ya Msasani
Tupo pamoja. Sasa mtoa mada, weka ramani kichwani. Kawe saa kumi jioni upepo unatoka baharini, mashariki. Jua liko magharibi, upande wa barabara ya Bagamoyo, na linazidi kushuka. Ukirushia upande wa bahari unakwenda kinyume na upepo, kinaelea. Ukirushia upande wa barabara, mbwa anatazama juu moja kwa moja kwenye jua wakati ule ule anaotakiwa kulenga. Wewe ungedaka? Jaribu wewe kudaka mpira wa kona ukitazama jua la saa kumi na moja.

Rusha kaskazini kwenda kusini, jua na upepo vikae ubavuni.

#14 Chai ya Rangi
Sababu zimefika nne: uzito, malipo, mkono, jua. Hukumu bado.

#15 Dkt Kwato
Ongeza ya tano, nayo iangaliwe kabla ya zote: mdomo na mwili. Mbwa anayekimbiza kwa hamu lakini hataki kuuma anaweza kuwa na chonge lililopasuka au fizi iliyovimba. Inua mdomo wa juu pande zote mbili, tazama nyuma hadi magego. Angalia kama anatafuna upande mmoja.

Rangi ya ufizi pia. Ukiwa mweupe mweupe, mbwa anachoka upesi, au ametokwa damu puani, fikiria homa ya kupe, apimwe damu. Kwenye damu ya German Shepherd fikiria na nyonga: akikimbia kwa kutupa miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, au akisitasita kupanda ngazi, asiruke hadi daktari wa mifugo amwone.

Kuhusu kutua. Mbwa anatakiwa atue kwa miguu minne, au ya mbele ikitangulia kidogo na ya nyuma kufuata, huku bado anakwenda mbele. Akiruka wima akapinda hewani kisha akatua kwa miguu miwili ya nyuma, uzito wote unaangukia kano za ndani ya goti na pingili za kiuno. Kano ya goti ikikatika anachechemea, na kwa mbwa wa kilo 24 mara nyingi ni upasuaji. Ndiyo maana rusha bapa na chini, ili adake akiwa mbioni, miguu ikiacha ardhi kidogo tu au isiiache kabisa. Zile picha za mbwa yuko juu mita mbili tumbo likitazama mbingu waachie wenye picha.

Mbwa wa mtoa mada umri wake unafaa. Kwa wenye watoto wa mbwa: mifupa inarefukia kwenye ncha zenye gegedu laini, na mbwa wengi hazijafunga kabla ya miezi 12, wakubwa hadi 18 au zaidi. Kabla ya hapo kuviringisha na kudaka mkononi kunatosha. Hakuna kuruka.

#16 Kilo Nusu
Kupe ni hizo nyasi za viwanjani. Mimi ningecheza kwenye sakafu safi ya uani.

#17 Dkt Kwato
Kilo Nusu, yule kupe wa kahawia wa mbwa makao yake hasa ni bandani, kwenye nyufa za ukuta na chini ya mbao. Unaweza kukwepa nyasi mwaka mzima ukamfuga kwako. Pulizia banda, ziba nyufa kwa saruji, mpe mbwa dawa ya kupe kulingana na uzito wake.

Na sakafu ndiyo mbaya kuliko zote. Saruji na lami havifyonzi kishindo, vinachubua nyayo, na jua likipiga vinaunguza. Weka mgongo wa kiganja sekunde saba. Ukishindwa wewe, asikanyage.

#18 Mtaa wa Nyuki
Kwa hiyo Coco Beach je? Mchanga laini, bahari ipo ya kumpoza.

#19 Ngalawa ya Msasani
Mchanga mkavu wa juu ni laini kupita kiasi. Mguu unazama wakati wa kujisukuma, misuli na kano za nyuma zinafanya kazi mara mbili. Dakika tano tu zinatosha kumchosha. Mchanga mbichi maji yanapokupwa unashika vizuri zaidi, ila ni kama msasa kwenye nyayo, mwangalie vidole baada ya kucheza. Angalia ratiba ya maji, kupwa na kujaa, usije ukabakiwa na kipande cha mita tatu kati ya mawimbi na watu. Kisahani chenye mchanga kinasaga meno, kisuuze kila baada ya mirusho michache. Na beba maji ya kunywa, akinywa ya bahari atatapika na kuharisha.

Na si Jumapili jioni. Jumapili pale hata mtu kugeuka ni shida, seuze mbwa anayekimbia huku anatazama juu.

#20 Bibi Mbweni
Nyasi ni bora, lakini tembea uwanja kwanza bila mbwa, zigizagi, mita 20 kwa 20. Unatafuta mashimo, vifuniko vya soda, vipande vya chupa na mbigili. Uwanja wowote uliofanyiwa mkutano au tamasha juzi unaweza kuwa na vyote vinne. Wakati wa masika nyasi zinateleza na mashimo yanajaa maji hayaonekani, bora ubaki na mazoezi ya mkononi.

Kola na mnyororo vitoke kabla ya mruko wowote. Taya au mguu ukinasa kwenye kola akiwa hewani ni balaa. Kama hawezi kuachiwa bila mnyororo, basi bado hajafika kwenye kisahani, afundishwe kwanza kuja akiitwa.

#21 Pwani Kavu
Hakuna aliyegusa rangi! Kisahani chekundu juu ya nyasi kijani. Mbwa anaona nyeusi na nyeupe tu, hakioni.

#22 Dkt Kwato
Mbwa haoni nyeusi na nyeupe tu. Anaona bluu na njano vizuri, ila nyekundu na kijani vinamchanganya, vyote vinaelekea udongoudongo. Chukua bluu au njano.

#23 Msasa 120
Lakini angekuwa hakioni angekifuatiliaje mita 20 bila kukipoteza? Nabaki kwenye gramu 175.

#24 Pwani Kavu
Kikiwa juu nyuma yake kuna anga, anakiona. Kikishuka usawa wa kichwa, nyuma yake kuna nyasi. Soma tena #1 anasita wapi. HAPO HAPO.

#25 Msasa 120
Hapo hapo ndipo pia kinapomgonga mdomo.

#26 Chai ya Rangi
😂😂 Sababu ya sita. Uzi umenoga.

#27 Temeke Mwisho
Suala la koko limepitwa juu juu. Kumbukeni aliyefanya mchezo huu ujulikane ni Border Collie wa Marekani mwaka 1957, aliyeingia uwanjani katikati ya mechi. Mbwa wa kazi. Koko hana historia hiyo.

#28 Maktaba ya Mtaa
Temeke Mwisho umechanganya mafaili. 1957 ni mwaka ambao kampuni ya Wham-O ilianza kuuza kisahani chake na kukipa jina la Frisbee. Mbwa unayemsema ni Ashley Whippet, tarehe 5 Agosti 1974, Dodger Stadium, Los Angeles, katikati ya mechi ya besiboli iliyokuwa ikioneshwa kwenye televisheni. Mwenye mbwa, Alex Stein, aliruka naye uwanjani bila ruhusa, akakamatwa. Wala hakuwa Border Collie, jina lenyewe linasema: ni Whippet, mbwa mwembamba wa mbio.

#29 Bibi Mbweni
Na mwembamba ndiyo hoja. Kinachotakiwa ni mwili mwepesi, miguu mirefu, kiuno chembamba na hamu ya kukimbiza. Mtazame mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20 anavyogeuka kona akimkimbiza paka, halafu useme hana mwili huo. Boerboel wa kilo 60 ndiye asirushwe hewani, huyo viringishia tu. Pua fupi nao, pagi na buldogi, hapana kabisa kwa joto letu.

Chotara wa kilo 24 ni sawa, mradi mbavu zake uzihisi kwa vidole bila kubonyeza. Ukizitafuta hadi uchoke, punguza ugali wake kwanza.

#30 Geti la Nyuma
Asanteni sana. Mbavu zinahesabika. Meno nimeyaona ni mazima, ufizi wa waridi. Swali: visahani laini huku mtaani sivipati, hadi niagize. Kuna cha kutengeneza wakati nasubiri? Tofauti na kifuniko cha ndoo.

#31 Fundi Ndoo
Nimelisikia hilo dongo. Lakini sikia hii, na Msasa asininyang'anye. Mpira wa kumwagilia maua, ule mlaini wa nusu inchi, kata sm 72. Ukiuzungusha unapata duara la kipenyo cha sm 23. Ncha zake unganisha kwa kipande cha mpira mwembamba zaidi chenye urefu wa sm 6 kilichoingia ndani pande zote mbili, usitumie kijiti wala waya. Suruali ya jinzi kuukuu, kata miduara miwili ya sm 30. Weka duara la mpira katikati, fundi cherehani apige mishono miwili inayofuatana ndani ya ukingo, uzi wa nailoni wa viatu. Kitambaa cha katikati kivutike vizuri, kikilegea hakipai.

Hakiendi mbali, mita 10 hadi 12. Lakini wewe si umeambiwa uanze na mita moja?

#32 Msasa 120
Fundi, hiyo nakupigia saluti. Nyongeza mbili: vifungo, zipu na zile pini za shaba za mifukoni visiwemo. Na uzi ukianza kufumuka kitolewe kazini, mbwa akimeza uzi mrefu unamkata utumbo.

#33 Kilo Nusu
Kwa Boerboel kitadumu muda gani?

#34 Fundi Ndoo
Dakika mbili. Moja ya kucheza, moja ya mazishi.

#35 Mzee wa Kusi
Akifika mita tano kwa jinzi, mfundishe kuzunguka. Mbwa aanzie mbele yako, umwelekeze kwa mkono azunguke nyuma yako kutokea kulia kwenda kushoto, akitokeza gotini ndipo unaachia. Faida ni kwamba yeye na kisahani wanakwenda uelekeo mmoja, anakijia kutoka nyuma, kasi inayobaki kati yao ni ndogo. Kinaingia mdomoni taratibu, hakimgongi. Mbwa akiwa mbele anakutazama ukamrushia, kasi zenu zinajumlishwa. Nadhani ndiyo siri ya mtoa mada, kuliko hata gramu.

#36 Msasa 120
Gramu.

#37 Dkt Kwato
Kabla hajaanza, muda ubadilike. Saa kumi jioni Dar ni bado, hasa Desemba hadi Machi na unyevu wake. Mbwa anajipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema hakusaidii sana. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au saa kumi na mbili jioni nuru ikiwepo. Dakika tano za kutembea kwanza misuli ipate moto, kisha mirusho 8 hadi 12, basi. Amalize bado anataka. Chakula kikubwa kisiwe ndani ya saa mbili kabla, wala mara tu baada ya mchezo, hasa kwa wenye vifua virefu, tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Maji kidogo kidogo.

Dalili za kusimama mara moja: ulimi umetanuka kama kijiko na umegeuka mwekundu wa giza, mate mazito yanayonata, macho yamekodoka, anayumba, au amekwenda kulala kivulini mwenyewe. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38.3 hadi 39.2. Likifika 41 ni dharura.

#38 Pwani Kavu
Hapo unamfunga taulo mbichi mwili mzima halafu mbio kwa daktari.

#39 Dkt Kwato
Taulo hapana. Likikaa juu yake linapata joto na kumfunika kama blanketi. Mmwagie maji ya bomba mfululizo, tumbo, mapaja, kwapa, shingo, na umpepee. Poza kwanza, ndipo safari, na kwenye gari endelea kumlowesha, madirisha wazi. Kama una kipimajoto, acha kumwagia likishuka hadi 39.5, asije akapoa kupita kiasi. Usimlazimishe kunywa.

#40 Mtaa wa Nyuki
Na barafu?

#41 Dkt Kwato
Usikae unatafuta barafu wakati bomba lipo hapo.

#42 Geti la Nyuma
Wakuu nimerudi, wiki ya tatu sasa. Mrejesho: mirusho 10, anadaka saba. Anatua miguu minne. Nimetumia cha jinzi siku tisa, kisha kikaja cha njano, laini, gramu 107. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, narusha kaskazini kwenda kusini, anazunguka nyuma yangu kwanza, cha chini hakilipwi.

#43 Msasa 120
Gramu. Nilisema #3.

#44 Bibi Mbweni
Hongera. Ni malipo hayo, cha chini hakilipwi.

#45 Pwani Kavu
NJANO.

#46 Ngalawa ya Msasani
Jua limehama mbele ya macho yake, mnabishana rangi.

#47 Chai ya Rangi
Geti la Nyuma umetuharibia. Umebadilisha vitu sita kwa mkupuo, sasa nani kashinda?

#48 Geti la Nyuma
Kile chekundu bado kipo. Nikirudishe siku moja tujue kama ni uzito?

#49 Msasa 120
Usithubutu. Hata kama nitashinda.

#50 Fundi Ndoo
Kama hukitaki nitumie, nina ndoo haina kifuniko.